Maziwa Yanayozaliwa Penye Barafu

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kuwa maji yakipoa sana huganda yakawa barafu, na barafu ikipata joto huyeyuka ikawa maji tena. Mabadiliko hayo unaweza kuyatazama katika kikombe. Katika somo hili tutaona jinsi mabadiliko hayo hayo yanavyofanya maziwa makubwa katika milima mirefu ya dunia. Tutaona pia kwa nini watu wanaokaa chini ya milima hiyo hawana budi kuyaangalia maziwa hayo kwa makini.

1. Barafu inayotembea

Kadiri unavyopanda mlima, ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Ndiyo sababu barafu hupatikana juu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, ingawa milima hiyo iko karibu na Ikweta.

Mahali palipo na baridi kali, theluji inayoanguka katika mwaka mmoja haiyeyuki yote. Mwaka unaofuata theluji nyingine huanguka juu yake. Theluji ya juu huilemea ile ya chini, hewa iliyomo hubanwa ikatoka, na theluji hugeuka kuwa barafu ngumu. Barafu hiyo ikiwa nene sana, uzito wake huifanya isogee polepole kuteremka mlima. Barafu nene ya namna hii, inayosogea yenyewe kwa uzito wake, huitwa barafuto.

Barafuto husogea polepole mno. Ukisimama mbele yake huwezi kuona kuwa inatembea. Hata hivyo inafanya kazi kubwa. Mawe yaliyonaswa chini yake huuparuza mwamba kama tupa inavyoparuza chuma, na hivyo huchimba mabonde na mashimo. Mawe, changarawe na udongo huchukuliwa na barafu hadi kwenye ncha yake ya chini. Huko barafu huyeyuka, na mzigo wake hubaki. Miaka mingi ikipita, mzigo huo hurundikana ukawa tuta kubwa linalokingama bonde toka upande mmoja hadi wa pili. Matuta mengine ya namna hii yana urefu wa kwenda juu wa makumi ya meta.

Likumbuke tuta hilo. Ndilo litakalokuwa ukuta wa ziwa letu.

2. Barafu inaporudi nyuma

Hewa ya dunia ikizidi kuwa na joto, barafuto huanza kufupika. Tunasema kuwa barafuto inarudi nyuma. Lakini usidhani kuwa barafu hugeuka ikapanda mlima.

Mfikirie mpishi anayepika kwa kuni. Anausukuma ukuni mbele kuelekea motoni, na moto unaila ncha yake. Akiusukuma kwa kasi ile ile ambayo moto unaula, ncha ya ukuni hubaki mahali pamoja. Akiusukuma polepole kuliko moto unavyoula, ncha hurudi nyuma, ingawa ukuni wenyewe unasukumwa mbele. Barafuto nayo ni hivyo hivyo. Barafu huendelea kuteremka kutoka juu kila siku. Lakini kama ncha ya chini inayeyuka upesi kuliko barafu mpya inavyofika, ncha hiyo huonekana ikirudi juu ya bonde mwaka hata mwaka.

Barafuto nyingi za dunia zinarudi nyuma siku hizi. Sababu kubwa ni kwamba binadamu huchoma makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gesi kwa wingi. Moshi wake huongeza hewani gesi zinazozuia joto lisitoke duniani.

3. Ziwa linavyozaliwa

Sasa tazama kinachotokea. Tuta la mawe na udongo liko pale pale lilipoachwa. Barafu imerudi nyuma. Kati ya tuta na barafu pamebaki nafasi iliyo wazi, nayo mara nyingi ni shimo lililochimbwa na barafu yenyewe. Maji ya barafu inayoyeyuka hutiririka yakaingia humo. Mbele yanazuiwa na tuta, kando yanazuiwa na milima, nyuma yanazuiwa na barafu. Hayana pa kwenda, basi hukusanyika. Ziwa limezaliwa.

Kuna na njia nyingine. Barafuto nyingine zimefunikwa na mawe na udongo juu yake. Barafu ikiyeyuka hapa na pale, vidimbwi vidogo hutokea juu ya barafu yenyewe. Kila kidimbwi hutanuka, kisha vidimbwi huungana, na mwisho huwa ziwa moja.

Maji ya maziwa haya mara nyingi si maangavu. Mawe yanayosagwa chini ya barafu hutoa unga laini sana kuliko unga wa sembe. Unga huo huelea majini bila kuzama upesi, na maji huonekana kijivu, au yenye rangi ya buluu na kijani, kana kwamba yametiwa maziwa ya ng'ombe kidogo.

Jaribio la kwanza

Mahitaji: karai au sinia kubwa, udongo wa mfinyanzi, changarawe, na pande la barafu lenye ukubwa wa ngumi mbili.

Namna ya kufanya: Tandaza udongo ndani ya karai. Inua upande mmoja wa karai kwa jiwe ili uwe mteremko. Weka pande la barafu katikati ya mteremko. Mbele yake, upande wa chini, jenga tuta la udongo na changarawe, likingame toka upande mmoja hadi wa pili na kuigusa barafu. Weka karai juani.

Tazama kila baada ya dakika kumi. Maji hukusanyika wapi? Nafasi kati ya tuta na barafu inaongezeka au inapungua? Ziwa lako linatanuka kuelekea upande gani?

Andika majibu yako katika daftari kabla ya kusoma sehemu inayofuata.

4. Ziwa linavyokua

Bila shaka umeona kuwa ziwa lako limetanuka kuelekea upande wa barafu. Upande wa tuta halikusogea. Maziwa ya milimani hukua vivyo hivyo, kwa sababu tatu.

Kwanza, barafu nyeupe huurudisha mwanga mwingi wa jua, lakini maji huupokea mwanga huo na kupata joto. Maji yenye joto kidogo yakigusa barafu, huiyeyusha upesi.

Pili, maji huila barafu kwa chini, pale yanapoigusa. Barafu ya juu hubaki imening'inia bila kitu cha kuishikilia. Siku moja humeguka ikaanguka majini kwa kishindo. Kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, mapande hayo huelea ziwani mpaka yayeyuke.

Tatu, kila ncha ya barafu inaporudi nyuma, huacha nafasi mpya. Nafasi hiyo hujazwa na maji, na maji hayo tena huigusa barafu na kuiyeyusha.

Basi barafu inayoyeyuka hulilisha ziwa, na ziwa nalo huiyeyusha barafu. Ndiyo maana maziwa haya yakianza kukua huweza kukua upesi. Hukoma kutanuka barafu inaporudi juu ya mwamba mkavu, mahali ambapo maji hayaifikii tena.

Wataalamu walipima maziwa ya namna hii duniani kote kwa kutumia picha zilizopigwa na setilaiti. Waliona kuwa kati ya mwaka 1990 na 2018 maji yaliyomo katika maziwa hayo yaliongezeka kwa kadiri ya nusu ya kiasi cha awali.

5. Ziwa Imja la Nepal

Nchi ya Nepal iko katika bara la Asia. Huko ndiko kwenye milima ya Himalaya na mlima Everest, ulio mrefu kuliko yote duniani. Kusini mwa Everest, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa meta 5,000 na zaidi, liko ziwa liitwalo Imja. Hapo ni karibu juu sawa na vilele vya Mlima Kenya.

Katika miaka ya 1950 mahali hapo palikuwa na vidimbwi vichache tu juu ya barafu. Vidimbwi vikaungana. Ziwa likaanza kutanuka kuelekea mashariki, kwa maana huko ndiko iliko barafu. Leo lina urefu wa zaidi ya kilometa mbili. Mwaka 2014 wataalamu walipolipima walikuta kina chake kinafika karibu meta 150. Babu aliyeviona vidimbwi vile utotoni aliweza kuliona ziwa hilo kubwa uzeeni mwake.

Chini ya ziwa, katika bonde, viko vijiji vya Washerpa. Watu hawa hulima viazi na shayiri, na hufuga yaki, yaani ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Wengine huwaongoza wageni wanaokuja kupanda milima. Mto unaotoka katika Ziwa Imja hupita karibu na mashamba na nyumba zao. Kwao, usalama wa tuta la ziwa ni usalama wa kijiji.

6. Tuta likibomoka

Ukuta wa bwawa lililojengwa na binadamu hujengwa kwa saruji, au kwa udongo ulioshindiliwa vizuri. Lakini tuta la barafuto halikujengwa na mtu. Ni kifusi kilichorundikana tu. Mara nyingine ndani yake kuna barafu iliyofukiwa, na barafu hiyo ikiyeyuka tuta hutitia. Tuta kama hilo linaweza kulishika ziwa kwa miaka mingi, kisha likabomoka kwa saa moja. Fanya jaribio lifuatalo uone.

Jaribio la pili

Tumia karai lile lile. Jenga tuta jipya la mchanga uliolowana kidogo. Mimina maji polepole nyuma ya tuta mpaka yafike karibu na ukingo wake. Tuta limeyazuia maji? Sasa dondosha jiwe dogo majini ili wimbi lipite juu ya tuta. Lisipopita, ongeza maji kidogo.

Tazama kwa makini mahali maji yanapopita. Kwanza huchimba kijifereji. Maji mengi zaidi hupita katika kijifereji, nayo hukichimba zaidi. Kikiisha kuwa kikubwa, maji mengi zaidi tena hupita. Kwa muda mfupi tuta limekatika na ziwa lote limekwisha. Mkulima aliyejenga tuta la kuzuia maji shambani anaijua hatari hii. Yeye huziba tundu likiwa bado dogo.

Jiwe ulilolidondosha ni mfano wa barafu au mwamba unaoanguka ziwani kutoka mlimani. Tarehe 4 Agosti 1985 jambo hilo lilitokea katika ziwa liitwalo Dig Tsho, katika sehemu ile ile ya Nepal. Barafu nyingi iliporomoka ikaanguka ziwani. Wimbi kubwa likapita juu ya tuta, na tuta likakatika. Maji yaliteremka bondeni yakichukua mawe, miti, madaraja na nyumba. Kituo cha umeme kilichokuwa kinakaribia kumalizika kujengwa kiliharibiwa.

Msiba mkubwa zaidi ulitokea katika nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini. Juu ya mji wa Huaraz, katika milima ya Andes, kuna ziwa liitwalo Palcacocha. Asubuhi ya tarehe 13 Desemba 1941 tuta la ziwa hilo lilibomoka. Maji yalishuka bondeni, yakalikumba ziwa jingine lililokuwa njiani na kulibomoa nalo. Kisha maji, matope na mawe makubwa yaliingia mjini. Sehemu kubwa ya mji ilifutika, na watu wapatao 1,800 au zaidi walikufa.

Baada ya gharika hiyo, maji kidogo tu yalibaki katika Ziwa Palcacocha. Je, hadithi ya ziwa hilo ilikwisha? La, haikwisha. Barafu iliendelea kurudi nyuma, na ziwa likaanza kukua tena. Mwaka 1974 lilikuwa na maji meta za ujazo 500,000. Mwaka 2009 lilikuwa na meta za ujazo milioni 17, yaani mara 34 ya kiasi kile. Na chini yake mji wa Huaraz ulikwisha kujengwa upya, ukiwa na watu wengi kuliko zamani.

7. Watu wanavyojikinga

Binadamu hawezi kuizuia barafuto isimeguke, wala hawezi kuushikilia mlima usiporomoke. Lakini anaweza kufanya mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kupunguza maji. Mwaka 2016 askari wa jeshi la Nepal pamoja na wafanyakazi wengine walikwenda katika Ziwa Imja. Mahali pa juu namna ile hewa ni hafifu, na mtu huchoka upesi hata akibeba mzigo mdogo. Walichimba mfereji katika tuta, wakaweka lango la kuyaongoza maji, kisha wakayatoa kidogo kidogo. Uso wa ziwa ulishuka kwa meta 3.4.

Labda utasema kuwa meta 3.4 ni kidogo kwa ziwa lenye kina cha karibu meta 150. Ni kweli, ziwa halikukauka, na hatari haikuisha kabisa. Lakini kumbuka jaribio lako la pili. Tuta linaanza kukatika maji yanapopita juu yake. Uso wa maji ukiwa chini zaidi, wimbi hupata shida kuufikia ukingo wa tuta.

Katika Ziwa Palcacocha wanatumia mabomba. Labda umemwona mtu akihamisha maji kutoka katika pipa kwa mpira. Huujaza mpira maji, huuweka mwisho mmoja ndani ya pipa, na mwisho wa pili huuteremsha chini kuliko uso wa maji ya pipa. Maji huupanda ukingo wa pipa na kushuka upande wa pili yenyewe, bila mashine. Tangu mwaka 2011 mabomba makubwa yanayofanya kazi kwa njia hiyo yanayatoa maji ya Palcacocha na kuyapeleka upande wa pili wa tuta.

Jambo la pili ni kuonya. Vyombo vya kupima huwekwa ziwani na mtoni. Maji yakipanda ghafula, ving'ora hulia vijijini, na watu hukimbilia mahali palipoinuka. Maonyo hayo ni lazima yawe ya haraka, kwa sababu gharika haimsubiri mtu akusanye vyombo vyake.

Jambo la tatu ni kuchagua vizuri mahali pa kujenga. Shule, hospitali na nyumba zinazojengwa juu ya kingo za bonde ni salama kuliko zile zinazojengwa kando ya mto.

8. Maziwa ya barafu katika Afrika ya Mashariki

Maelfu ya miaka iliyopita barafuto za Mlima Kenya zilikuwa kubwa sana kuliko leo. Ziliposhuka zilichimba mabonde na kuacha matuta. Ziliporudi nyuma ziliacha maziwa mengi madogo. Ziwa Michaelson ni mojawapo. Katika milima ya Ruwenzori, iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, maziwa ya Bujuku na Kitandara yako katika mabonde yaliyochongwa na barafu ya kale.

Kazi hiyo haikukoma zamani. Barafuto ya Lewis katika Mlima Kenya imepungua sana tangu mwaka 1899, mwaka ambao Halford Mackinder na wenzake walifika kwenye kilele cha Batian. Chini ya barafuto hiyo kuna ziwa dogo mahali palipofunikwa na barafu zamani. Katika milima yetu barafu iliyobaki ni kidogo mno, kwa hiyo hapa haiwezi kulisha maziwa makubwa kama Imja na Palcacocha. Lakini ukimwona mtu akiuonyesha Mlima Kenya kwa kidole na kusema kuwa barafu yake imepungua, wewe sasa unaweza kumweleza inakokwenda na inachokiacha nyuma.

Mambo ya kukumbuka

Barafuto ni barafu nene inayosogea kuteremka mlima kwa uzito wake yenyewe.

Barafuto hurudi nyuma ncha yake inapoyeyuka upesi kuliko barafu mpya inavyofika.

Ziwa huzaliwa kati ya barafu na tuta la kifusi, au vidimbwi vilivyo juu ya barafu vinapoungana.

Ziwa hukua kuelekea upande wa barafu, kwa sababu maji huiyeyusha na kuimegua barafu.

Tuta la kifusi huweza kukatika maji yakipita juu yake. Kupunguza maji kabla ya hatari ni bora kuliko kuokoa watu baada ya gharika.

Maswali

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya kusema kuwa barafuto inarudi nyuma. Tumia mfano wa ukuni au mfano mwingine unaoujua.

2. Kwa nini Ziwa Imja lilitanuka kuelekea mashariki, wala si kuelekea magharibi liliko tuta?

3. Meta moja ya ujazo ina lita 1,000. Debe moja lina lita 20. Mwaka 2009 Ziwa Palcacocha lilikuwa na maji ya madebe mangapi?

4. Taja tofauti mbili kati ya ukuta wa bwawa uliojengwa na binadamu na tuta la barafuto.

5. Chora picha ya bonde ukionyesha barafu, ziwa, tuta na kijiji. Onyesha kwa mshale upande ambao ziwa litatanukia. Kisha tia alama mahali ambapo ungeijenga shule ya kijiji hicho, na ueleze kwa nini umepachagua.